Chanzo: wivu wa mapenzi

Nilianza uandishi wa habari Kanda ya Ziwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwandishi wa mkoani wa gazeti moja lililolipa kwa sentimita: unaweka rula juu ya habari yako iliyotoka, unapima, unapeleka hesabu Dar es Salaam, unasubiri. Habari za mauaji zilipata sentimita nyingi kuliko mikutano ya ushirika wa pamba. Kwa hiyo kila asubuhi nilipita makao makuu ya polisi ya mkoa, nikakaa kwenye benchi na kumngoja ofisa atoke na jalada lake.

Taarifa zake hazikubadilika mpangilio. Kijiji, kata, saa ya tukio. Jina la marehemu, umri, kabila, kazi: mkulima. Silaha iliyotumika. Mtuhumiwa yuko mbaroni, au ametoroka kusikojulikana. Kisha mstari wa mwisho, ule ambao mhariri aliutaka kwa ajili ya kichwa cha habari: chanzo. Marehemu akiwa mwanaume, chanzo kingeweza kuwa chochote, mpaka wa shamba, ng'ombe, pombe, deni. Akiwa mwanamke, majibu yalikuwa mawili. Kama bado kijana, wivu wa mapenzi. Kama mvi zimeshatoka, imani za kishirikina.

Niliyaandika yote mawili mara nyingi mno. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza yule ofisa: nani kakwambia?

Watafiti wa mauaji ya wanawake wamekuwa wakiliuliza swali hilo kwa karibu nusu karne, tangu Diana Russell alipolitumia neno la Kiingereza la mauaji hayo mbele ya mkutano wa wanawake mjini Brussels mwaka 1976. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya neno moja. Wapo wanaosema femisaidi, wengi wanasema mauaji ya wanawake na kuacha msikilizaji aelewe kwamba hazungumziwi mama aliyegongwa na basi. Mimi neno halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni ule mstari wa mwisho.

Katika mauaji ya chumbani, wanaojua yaliyotangulia huwa ni wawili, na mmoja kafa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ndiyo iliyouvunja mtungi, halafu ndiyo tunayoiuliza ilikuwaje. Atajibu nini? Atasema alimfumania. Atasema aliona ujumbe kwenye simu. Hatasema kwamba alikuwa akimnyang'anya mshahara tangu mwaka juzi. Ofisa anaandika alichoambiwa, mwandishi wa habari anaandika alichosomewa, na kesho yake nchi nzima inaamka ikijua sababu. Sababu hiyo imetoka kinywani mwa mtuhumiwa.

Tena ina faida kwake. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyo cha 207 cha Kenya, kinasema aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla baada ya kuchokozwa atahesabiwa ameua bila kukusudia. Tofauti ya makosa hayo mawili ni tofauti ya hukumu ya kifo na kifungo ambacho jaji anaweza kukipunguza. Sisemi mahakama zetu huikubali hoja hiyo kirahisi, haziikubali. Lakini angalia inavyofanana na kichwa cha habari. Tumemwandikia utetezi kabla hajapata wakili. Waingereza walioileta sheria hiyo huku waliifuta kwao mwaka 2009, na iliyochukua nafasi yake inasema waziwazi kwamba usaliti wa kimapenzi peke yake usihesabiwe kuwa uchokozi. Sisi tumebaki na kanzu kuukuu ya marehemu.

Sasa tuone watafiti walikuta nini. Mwaka 2003 Jacquelyn Campbell, muuguzi na profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika miji 11 ya Marekani. Kuhusu wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao, walizungumza na mama, dada na marafiki waliowajua vizuri. Kisha wakawalinganisha na wanawake wa miji hiyo hiyo waliokuwa wakipigwa lakini wako hai. Walitaka kujua wale waliozikwa walikuwa na nini ambacho walio hai hawakuwa nacho.

Majibu yao yamekuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata. Mwanaume mwenye bunduki: hatari zaidi ya mara tano. Vitisho vya kuua, mtoto wa kambo ndani ya nyumba, mwanaume asiye na kazi, vyote vilipandisha hatari. Na mwanamke aliyeishi na mwanaume wa kumdhibiti kila hatua, kisha akaondoka, hatari yake ilikuwa karibu mara tisa. Mwaka 2008 kundi hilo la watafiti likaongeza jambo lingine: mwanamke ambaye mwenza wake aliwahi kumkaba koo akanusurika, uwezekano wake wa kuja kuuawa ulikuwa zaidi ya mara saba.

Mwanaume aliyemkaba mkewe Januari akamuua Agosti hakuingiwa na wivu Agosti.

Matokeo ya Marekani hayahamishwi yakiwa mazima kama mzigo kwenye meli. Bunduki si silaha ya nyumba zetu nyingi. Kwetu ni panga, kisu, mchi, petroli. Lakini ile ya kuondoka imenikaa kichwani, kwa sababu imegeuza swali ambalo nimelisikia kwenye kila msiba wa namna hii. Watu wamekaa chini ya turubai, chai inagawiwa, na mtu mmoja lazima aseme kwa sauti ya chini: sasa kwa nini hakuondoka? Mara nyingi aliondoka. Alikuwa kwa wazazi wake wiki ya tatu. Alirudi kuchukua sare za watoto. Au aliitwa kwenye kikao, wazee wakamkumbusha kwamba wagombanao ndio wapatanao, akasindikizwa mwenyewe na shangazi hadi mlangoni. Tunamlaumu kwa kutofanya jambo alilolifanya, na kulifanya ndiko kulikomfikisha kaburini bila mtu wa kumlinda njiani.

Kukabwa koo nako kuna shida yake kwenye karatasi. Mwanamke anakwenda kituoni, anapewa RB, yaani namba ya ripoti yake kwenye kitabu cha polisi, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali. Daktari anajaza anachokiona. Mkono uliokaza koo dakika nzima unaweza usiache alama ya kuonekana kwa macho, wakati kibao kimoja cha uso kinaacha jicho limevimba. Kwa hiyo tukio la hatari zaidi linaweza kuonekana dogo kuliko yote kwenye fomu. Watu wa dawati la jinsia waliopata mafunzo wanalijua hili. Wa kaunta, aliyekesha zamu, mara nyingi hana habari, na atamwambia mambo ya ndoa yakazungumzwe nyumbani.

Mwaka 2024 Afrika Mashariki ilipata tukio ambalo halikuhitaji mtafiti kulieleza. Rebecca Cheptegei, Mganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi Agosti. Jumapili ya tarehe 1 Septemba alikuwa nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, ametoka kanisani na watoto. Mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli akamchoma moto. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Mwanaume naye akafa kwa majeraha yake. Taarifa ya mwanzo ya utawala wa eneo ilisema wawili hao walisikika wakigombania kiwanja, ardhi ile ile aliyojenga nyumba yake kwa fedha za kukimbia. Baba yake Rebecca alisema walikuwa wamekwisha kuripoti polisi. Hata hivyo, kwenye redio ya basi nililopanda wiki ile nilimsikia mtangazaji akiuita mkasa wa mapenzi. Kulikuwa na ugomvi wa ardhi, kulikuwa na ripoti polisi, na bado mapenzi ndiyo yaliyopewa jina.

Miaka mitatu kabla, Oktoba 2021, Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishtakiwa, akakana. Wanariadha wenzake walipoanza kuzungumza hadharani, mazungumzo yalirudi tena na tena kwenye mambo ya kawaida kabisa: nani anasaini benki, nyumba imeandikwa jina la nani, mume akiwa kocha na meneja wa mkewe nani anamwuliza hesabu.

Hapo ndipo ninapotaka kurudi Kanda ya Ziwa, kwenye lile jibu la pili, la bibi mwenye mvi.

Mwaka 2005 mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Edward Miguel, alichapisha utafiti kuhusu wilaya ya Meatu, wakati ule ikiwa mkoa wa Shinyanga na sasa Simiyu. Alichukua vijiji 67 na miaka 11, kuanzia 1992 hadi 2002. Kila kijiji alikiuliza mambo ambayo sikuwahi kuona sababu ya kuyaweka pamoja: mwaka fulani mvua zilikuwaje, na mwaka huo waliuawa watu wangapi. Miaka ambayo mvua zilikwenda mrama, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya kawaida hayakupanda. Waliouawa kwa tuhuma za uchawi walikuwa karibu wote wanawake wazee. Waliowaua mara nyingi walikuwa ndugu zao.

Isome tena polepole. Kama chanzo kingekuwa imani peke yake, basi imani hiyo ingekuwepo mwaka wa neema na mwaka wa njaa sawasawa. Wasukuma wa Meatu hawakuamini uchawi zaidi mwaka ambao mtama ulikauka. Kilichobadilika ni ghala. Nyumba ikiwa na debe mbili za nafaka na midomo tisa, kuna mdomo ambao watu wa nyumba ile wanaanza kuuhesabu. Ni wa bibi aliyefiwa na mumewe, asiyeweza tena jembe, mwenye macho mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Macho yale mekundu ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Imani ilitoa lugha ya kulisema jambo. Ni njaa iliyochagua mwaka.

Mimi nilikuwa kule miaka hiyo hiyo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 niliziandikia habari hadi nikachoka: madaraja yamekwenda na maji, pamba imeoza, barabara ya Bariadi haipitiki. Zilitoka ukurasa wa kwanza. Habari za bibi kakatwa mapanga usiku na watu wasiojulikana zilitoka ukurasa wa tano, zingine nilizituma kwa faksi ile ile, dakika ile ile, karatasi moja nyuma ya nyingine. Sikuziunganisha. Zilikuwa na vyanzo viwili tofauti, na vyanzo nilikuwa nimeshapewa.

Kinachofuata kutoka kwenye utafiti ule si semina ya kuwaambia wanakijiji uchawi haupo, ingawa semina zilifanyika nyingi na posho zikaliwa. Miguel alizungumzia pensheni: bibi mwenye fedha yake mwenyewe kila mwezi anageuka kutoka mdomo wa kulishwa na kuwa mtu ambaye nyumba inamhitaji awe hai. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi. Bara hatuna pensheni ya wazee wote. Naijua hoja ya gharama. Ninachosema ni kwamba sijawahi kuona pensheni ikijadiliwa kwenye mkutano wa ukatili dhidi ya wanawake, wala mauaji ya vikongwe kwenye mkutano wa mifuko ya jamii.

Unaona basi kwa nini siyatenganishi majibu yale mawili ya polisi. Wivu na ushirikina vyote ni vitu vya rohoni, vitu visivyoshikika. Ukiandika chanzo ni wivu, hakuna ofisi ya serikali inayohusika. Nani atapewa bajeti ya kupunguza wivu? Ukiandika kwamba marehemu aliripoti mara tatu kituo kile kile, kuna mtu wa kujibu.

Ndiyo maana suala la kuhesabu, ambalo linaonekana kazi ya makarani, limekuwa ugomvi mkubwa kuliko yote. Tazama Kenya. Mradi wa wanaharakati wanaokusanya habari za magazeti, ulioanza 2019, uliorodhesha wanawake 152 waliouawa mwaka 2023. Maandamano makubwa ya tarehe 27 Januari 2024 yalibeba namba hizo barabarani. Baadaye mwaka huo polisi wenyewe wakasema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba, miezi mitatu tu. Zidisha mara nne unapata karibu 390 kwa mwaka. Kisha chukua makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2023: Afrika, wanawake na wasichana 2.9 katika kila 100,000 waliuawa na wenza au ndugu zao, kiwango cha juu kuliko bara lolote. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu wanawake na wasichana milioni 24. Kama Kenya ingekuwa wastani wa Afrika, hiyo ni karibu 700 kwa mwaka.

152, au 390, au 700. Namba hizi hazipingani kama zinavyoonekana. Ya kwanza ni hesabu ya wanawake ambao mhariri aliwapa nafasi. Msichana wa chuo aliyeuawa kwenye nyumba ya kupanga kwa siku Nairobi atapata nafasi. Mama wa Turkana au wa Tana River aliyepigwa hadi kufa hatapata, hakuna mwandishi kule. Ya pili ni ya polisi, na imetolewa wakati wa presha. Ya tatu ni hesabu ya kitaalamu iliyojengwa juu ya nchi chache za Afrika zenye takwimu, ikanyooshwa kufunika nchi nyingine, na waliotengeneza hawafichi kwamba sehemu ya Afrika ndiyo yenye mashaka zaidi. Kwa hiyo bara linalotajwa kuwa baya kuliko yote ndilo ambalo limepimwa kidogo kuliko yote. Tanzania hatuna hata ugomvi huo. Hatuna orodha ya kuanzia kugombana.

Kwa walio hai tunajua zaidi, na njia zilizotumika kuwafikia zina adabu yake. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake wa nchi 10 uliotolewa 2005, Tanzania ilikuwamo kwa Dar es Salaam na Mbeya. Watafiti walikwenda nyumbani wakiutambulisha kuwa ni utafiti wa afya na maisha ya wanawake. Kila nyumba walimhoji mwanamke mmoja tu, ili asibaki na mwenzake anayejua alichoulizwa. Mlango ukifunguliwa katikati ya mazungumzo, mhojaji aligeuza karatasi akaendelea na maswali mengine ya kawaida, kana kwamba ndiyo yaliyokuwa yakiulizwa muda wote. Kwa uangalifu huo, asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza Dar es Salaam, na 56 Mbeya, walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenza.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unasema asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wakiwa na miaka 15. Ule wa 2015 na 2016 ulisema 40. Ningependa kuamini tumeshuka kiasi hicho kwa miaka saba. Lakini utafiti ule wa 2015 na 2016 uliwauliza pia kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana, akitoka bila kuaga, asipoangalia watoto, au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja, zaidi ya wanaume. Wakati Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema tangu kabla wengi wao hawajazaliwa kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ule mstari wa "chanzo" haukutungwa kituo cha polisi peke yake.

Hata hivyo mfu hahojiwi. Kwa wafu unahitaji njia nyingine, na waliotuonyesha ni Waafrika Kusini. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo, Shanaaz Mathews, Naeemah Abrahams, Rachel Jewkes na wenzao, hawakusubiri magazeti wala ripoti ya mwaka ya polisi. Walianzia mochwari. Walichagua sampuli ya mochwari za serikali nchi nzima, wakafungua madaftari, wakatoa kila mwanamke mtu mzima aliyeuawa mwaka 1999, kisha wakamtafuta mpelelezi wa kila kesi na kumuuliza jambo ambalo daftari halina: huyu na aliyemuua walikuwa nani kwa nani? Wakapata 8.8 katika kila wanawake 100,000 waliouawa na wenza wao, mwanamke mmoja kila saa sita. Wakarudia kwa mwaka 2009: 5.6. Wakarudia kwa 2017: 4.9.

Bado ni namba za kutisha. Lakini zilishuka, na bila ya yale madaftari hakuna ambaye angejua, maana magazeti ya Johannesburg hayakupunguza vichwa vya habari. Kwa kuwa walijua pia silaha, waliona vifo vya risasi vimepungua sana kati ya 1999 na 2009, kipindi ambacho sheria mpya ya kudhibiti silaha ilianza kufanya kazi. Yaani sheria ya bunduki, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya wanawake, huenda iliokoa wanawake wengi kuliko mabango yote. Nani angelijua hilo kwa kusoma "chanzo"?

Kenya sasa wanabishana kama mauaji haya yapewe kosa lake katika sheria. Januari 2025 Rais Ruto aliunda jopo la watu 42 chini ya Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, mwezi mmoja baada ya polisi kuwarushia mabomu ya machozi wanawake waliokuwa wakiandamana Nairobi kuhusu mauaji hayo hayo. Nilikuwa upande wa wanaosema jina jipya la kosa ni kibao cha mlangoni tu. Mexico ililiweka kwenye sheria ya shirikisho mwaka 2012 na wanawake hawajaacha kuuawa. Kilichonifanya nilegeze msimamo ni kuisoma sheria hiyo ya Mexico yenyewe. Haikomei kutaja kosa. Inaorodhesha mambo ya kuthibitishwa, kama vile kuwepo uhusiano kati yao, vitisho vya awali, historia ya ukatili. Mpelelezi hawezi kufunga jalada bila kuuliza yaliyotangulia. Kama sheria ya namna hiyo itawalazimisha watu wa jalada kuandika mistari minne juu ya ule wa mwisho, naiunga mkono kwa sababu hiyo tu, hata ikiwa haitamfunga mtu mmoja zaidi.

Kuzuia ni habari nyingine, na hapo jirani zetu wa Kampala wana jambo. Mradi wa kule ulipewa jina la Kiswahili, SASA!, na uliendeshwa kwenye mitaa ya Rubaga na Makindye na watu wa mitaa ile ile, fundi baiskeli, muuza duka, mkunga. Hawakuanza kwa neno ukatili. Walianza kwa kuuliza watu kuhusu nguvu: nani anayo nyumbani kwenu, anaitumiaje, wewe ukionewa kazini unajisikiaje? Matokeo yalitolewa 2014. Katika mitaa iliyopata mradi, vipigo vya wenza kwa mwaka uliotangulia vilikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko mitaa isiyoupata. Wanaoinukuu namba hiyo kwenye semina huwa hawasemi kwamba mitaa ilikuwa minane tu, minne kwa minne, kwa hiyo kiwango cha makosa kwenye hesabu ni kipana sana na takwimu hiyo peke yake haifungi mjadala. Mimi inanishawishi kwa sababu nyingine: vipimo vingine vya utafiti ule, kama watu kukataa kuhalalisha kipigo, vilielekea upande huo huo.

Siku hizi nipo upande wa wahariri. Miezi michache iliyopita kijana wetu wa zamu aliniletea habari kutoka mkoani, mwanamke wa miaka 29, kisu, mtuhumiwa mbaroni, chanzo kile kile. Nilimwambia ampigie kamanda tena aulize mambo mawili: marehemu aliwahi kufungua RB, na kama ilitolewa PF3 ilisema nini. Akaweka simu kwenye spika tusikie wote. Kamanda alikuwa mtu mstaarabu, akasalimia vizuri, akamwacha amalize.

"Hizo RB ziko kwenye vitabu kule kituoni, mwanangu," alisema. "Hapa mbele yangu nimeandikiwa chanzo tu."